Ikitengenezwa Leo, Itaharibika Tena Lini?

Kuna vyombo vinavyokufa mara moja vikatupwa, kama balbu, fyuzi na betri ya tochi. Vipo pia vinavyoharibika, vikatengenezwa, vikarudi kazini, kisha vikaharibika tena: mashine ya kukoboa mpunga, injini ya pikipiki, pampu ya kisima, lori, njia ya reli. Chombo cha kundi la kwanza kina siku moja ya mwisho, na swali lake ni kitadumu muda gani. Cha kundi la pili kina mfululizo wa hitilafu, na kila hitilafu hufuatwa na mkono wa fundi. Swali lake ni gumu zaidi: kikishatengenezwa leo, kitaharibika tena lini, na je, hitilafu zinazidi kukaribiana au zinaachana? Hesabu zinazojibu swali hilo huitwa modeli za stokastiki. Hazitaji siku kamili ya hitilafu ijayo. Hutaja uwezekano wake.

Dumila, wilayani Kilosa, ni mahali pazuri pa kuziangalia hesabu hizo zikiwa kazini. Mji umekaa njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita hapo, na hapo hapo inachepuka ile ya kwenda Kilosa mpaka Mikumi. Mpunga, mahindi, nyanya na vitunguu vya bondeni hukusanywa na kupakiwa hapo. Kwa hiyo zipo mashine za kukoboa, zipo bodaboda, yapo malori ya masafa marefu yanayopita usiku na mchana, na lipo daraja la Mto Mkundi. Vyote hivi hutengenezeka, ila haviharibiki kwa namna moja.

Mashine ya kukoboa ndiyo mfano mwepesi kuufuata. Katika mashine za rola, mpunga unamwagwa juu, unashuka katikati ya rola mbili za mpira zinazozunguka kwa kasi zisizolingana, na tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayoivua punje ganda lake. Mpira unalika. Mkanda unalegea, unateleza, unanuka kuungua kabla haujakatika. Beringi inakauka grisi na kuanza kulia. Kijiwe kilichoponyoka kwenye kupepeta kinatoboa chekeche. Kila tukio ni dogo, fundi analimaliza kwa saa moja au kwa siku moja, na kazi inaendelea. Mwisho wa msimu mwenye mashine anakumbuka tu kwamba mwaka huu alisumbuliwa sana, au hakusumbuliwa.

Chukua mfano wa mashine mbili za kubuni, zilizofanya kazi saa 1,000 kila moja na kuharibika mara 8 kila moja. Ya kwanza iliharibika baada ya saa 260, kisha baada ya saa nyingine 220, kisha 180, 130, 90, 60, 40 na mwisho 20. Ya pili ilianza na saa 20, ikafuata 40, 60, 90, 130, 180, 220 na 260. Wastani wa zote mbili ni saa 125 kati ya hitilafu moja na nyingine. Namba ni zile zile, jumla ile ile. Aliyezipanga kwa ukubwa na kuchora grafu yake hataona tofauti hata ya unywele. Na bado ya kwanza inakufa, wakati ya pili imeshapata mkono mzuri na inazidi kutulia.

Kosa la kutazama wastani na kusahau mpangilio limewapata hata wahandisi wakubwa. Mwaka 1984 Harold Ascher na Harry Feingold walichapisha kitabu kizima kuhusu mifumo inayotengenezeka, na sehemu kubwa ya malalamiko yao ilikuwa hii: watu walikuwa wakizichukua hesabu za vitu vinavyotupwa na kuzitumia kwa vitu vinavyotengenezwa, kana kwamba kila muda kati ya hitilafu mbili ni maisha mapya ya chombo kingine. Mpangilio wa tarehe, ambao ndio wenye habari, ulikuwa unatupwa kabla hesabu haijaanza.

Kipimo cha kuutambua mpangilio huo ni cha zamani na hakihitaji kompyuta. Kinaitwa kwa jina la Mfaransa Laplace. Saa za hitilafu zinajumlishwa kutoka mwanzo: kwa mashine ya kwanza ni 260, 480, 660, 790, 880, 940, 980 na 1,000. Kwa kuwa uchunguzi umeishia kwenye hitilafu ya mwisho, hiyo inawekwa kando na kubaki 7. Wastani wa hizo 7 ni 713. Kama hitilafu zingekuwa zinakuja ovyo bila mwelekeo, wastani huo ungeangukia jirani na nusu ya muda wote, yaani 500. Umezidi kwa 213. Ziada hiyo inagawanywa kwa kiasi ambacho bahati peke yake huweza kuuyumbisha wastani, ambacho hapa ni saa 1,000 zikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 84, yaani kama 109. Jibu ni 1.95. Bahati tupu inaweza kutoa namba kubwa kiasi hicho mara moja hivi katika 40. Mwenye mashine ana haki ya kuwa na wasiwasi. Mashine ya pili inatoa 1.95 hiyo hiyo ikiwa hasi, na hasi maana yake hitilafu zinaachana.

Baada ya mwelekeo kujulikana, linafuata swali la fundi amefanya nini hasa. Hapo ndipo modeli zinapotengana.

Modeli ya kwanza inachukulia kwamba matengenezo yanakirudisha chombo katika upya kamili. Kila hitilafu inafunga ukurasa, na saa inaanza kuhesabiwa tena kutoka sifuri. Huu ni mchakato wa kuanza upya, na kwa kipande kimoja unafaa sana. Rola mpya ya mpira haijui lolote kuhusu rola iliyotolewa. Kwa mashine nzima, dhana hiyo ni ya ukarimu mno. Aliyebadilisha mkanda hajabadilisha shafti.

Modeli ya pili iko upande wa pili kabisa. Richard Barlow na Larry Hunter waliiandika mwaka 1960: fundi anafanya kile kidogo kinachotosha chombo kitembee, na chombo kinarudi kazini kikiwa na uzee ule ule kilichokuwa nao dakika moja kabla ya kuharibika. Kwenye gereji za barabarani hii inajulikana bila kitabu. Lori limekatika bomba la maji, limeungwa kwa mpira na waya, dereva anaondoka. Injini yenye kilomita 400,000 inabaki injini ya kilomita 400,000. Hesabu ya hali hii ni mchakato wa Poisson, yaani mfululizo wa matukio yanayokuja ovyo, ambao kasi yake inabadilika kadiri umri unavyosogea.

Ukweli wa kawaida uko katikati, na hesabu imekuja kuufuata taratibu. Mark Brown na Frank Proschan walipendekeza mwaka 1983 kwamba kila tengenezo lina uwezekano fulani wa kurudisha upya na uwezekano uliobaki wa kuunga tu. Mwaka 1989 Mjapani Masaaki Kijima alileta wazo linalotumika zaidi leo, la umri wa kukadiria: mashine ya miaka 10 iliyoshushwa ikafungwa beringi na shafti mpya inaweza kuhesabiwa kama ya miaka 4. Si mpya, si ile ya jana. Kiasi ambacho tengenezo linapunguza umri ndicho kipimo cha kazi ya fundi, na kinaweza kukadiriwa kutokana na tarehe za hitilafu zilizofuata. Mafundi wawili wanaotoza bei sawa wanaweza kutofautiana sana kwa kipimo hiki, na wateja wa njia panda ya Dumila hulijua hilo kwa namna wanavyopanga foleni kwa mmoja na kumpita mwingine.

Poisson mwenyewe alikuwa Mfaransa aliyechapisha hesabu yake mwaka 1837 katika kitabu kuhusu hukumu za mahakama. Haikupata umaarufu mpaka mwaka 1898, Ladislaus von Bortkiewicz alipoitumia kwa askari wa farasi wa jeshi la Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika rekodi 200, kila moja ikiwa ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja, vifo vilikuwa 122. Rekodi 109 hazikuwa na kifo, 65 zilikuwa na kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na moja ilikuwa na vifo vinne. Hesabu ya Poisson ilitabiri karibu 109 bila kifo na 66 zenye kimoja. Kikosi kilichopoteza askari wanne kwa mwaka pengine kilidhani kimerogwa au kina farasi wakorofi. Hakikuwa na sababu ya pekee. Mambo yanayotokea ovyo huwa hayajipangi kwa nafasi sawa; hurundikana hapa na kupotea kule. Mashine iliyoharibika mara tatu kwa wiki moja baada ya miezi minne ya utulivu inaweza kuwa haijabadilika hata kidogo, na ndiyo maana kipimo kama kile cha Laplace kinatakiwa kabla ya kumfukuza fundi.

Pale mwelekeo unapothibitika, umbo linalotumika zaidi ni la kipeo. Idadi ya hitilafu zinazotarajiwa mpaka saa fulani inachukuliwa kuwa inakua kwa saa hizo zikiwa zimepandishwa kwenye kipeo kinachoitwa beta. Beta ikiwa 1, kasi haibadiliki. Ikizidi 1, chombo kinachakaa. Ikipungua chini ya 1, kinazidi kuimarika, jambo ambalo J. T. Duane wa kampuni ya General Electric alilionyesha mwaka 1964 kwa mitambo iliyokuwa ikijaribiwa na kurekebishwa. Larry Crow, aliyefanya kazi na jeshi la Marekani, akaupa uchunguzi huo msingi wa kitakwimu mwaka 1974. Kwa mashine ya kwanza ya mfano wetu, kanuni ya kawaida ya kukadiria inatoa beta ya 2.7. Hapo kasi ya mwisho wa kipindi ni hitilafu moja kila saa 46 hivi, si kila saa 125 kama wastani unavyodai. Hitilafu 8 ni chache na kadirio linaweza kuyumba. Hata hivyo, anayepanga kununua spea kwa wastani atakuta stoo tupu mpunga ukiwa umejaa uani.

Modeli hii inajibu pia swali la pesa: ni lini kuungaunga kuishe na mashine ishushwe yote? Ukishusha mapema unatupa pesa kwenye chombo chenye nguvu. Ukichelewa unalipa hitilafu nyingi. Kwa mashine inayochakaa kwa kipeo, jibu la gharama ndogo kabisa ni jepesi kuliko linavyotarajiwa. Gawanya gharama ya kushusha kwa gharama ya hitilafu moja, kisha gawanya tena kwa beta iliyopunguzwa 1. Jibu ni idadi ya hitilafu zinazotarajiwa kabla ya kushusha. Kushusha kukigharimu Sh 900,000, na hitilafu moja pamoja na kazi iliyopotea ikigharimu Sh 100,000, mgawanyo wa kwanza ni 9. Mashine yenye beta ya 2 ishushwe kwenye hitilafu ya 9. Yenye beta ya 2.7 ishushwe baada ya ile ya 5, kwa hiyo mashine ya mfano, yenye hitilafu 8, imeshapitiliza. Yenye beta ya 1 haina siku ya kushushwa, kwa sababu kuifungua hakupunguzi chochote. Gharama ya kazi iliyopotea ndiyo watu husahau kuiweka, nayo hubadilika kwa msimu: mashine kusimama siku mbili wakati wa mavuno na kusimama siku mbili wakati wa kupalilia ni vitu viwili tofauti.

Kuna matokeo mengine ya hesabu hizi yanayowashangaza wengi. Lori kuukuu ambalo limebadilishwa vipande mara nyingi, kila kimoja kwa wakati wake, huelekea kuharibika kwa kasi isiyopanda wala kushuka. R. F. Drenick alieleza sababu yake mwaka 1960: vipande vingi vyenye umri mbalimbali, kila kimoja kikianza upya kwa zamu yake, vikijumlishwa hutoa mfululizo unaofanana na wa Poisson. Dereva anayesema gari lake limezoea kuharibika mara mbili kwa mwezi anasema jambo lenye uthibitisho. Gari kama hilo halifi kwa uzee mpaka mwenyewe achoke au chasi ikatike.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye kuchanganya. Proschan aliuonyesha mwaka 1963 kwa vipozahewa vya ndege za Boeing 720. Rekodi za ndege zote zilipowekwa pamoja, ilionekana kwamba kifaa kilichokaa muda mrefu bila kuharibika kina uwezekano mdogo zaidi wa kuharibika, kana kwamba kukaa kunakiimarisha. Kila ndege ilipotazamwa peke yake, hakukuwa na kuimarika kokote. Ndege zilikuwa na viwango tofauti vya hitilafu, basi. Kijiwe cha bodaboda kingetoa udanganyifu ule ule. Pikipiki mbovu inaharibika kila baada ya siku 10, nzima kila baada ya siku 60, na anayezichanganya daftari moja atakuta kwamba zilizopita siku 30 salama hazisumbui sana. Hazisumbui kwa sababu zile mbovu zimeshachujwa. Kila chombo kinahitaji ukurasa wake.

Na ukurasa huo unahitaji saa iliyo sahihi. Kalenda mara nyingi siyo saa yenyewe. Mashine ya kukoboa haichakai mwezi ambao hakuna mpunga, na kwa kalenda itaonekana imepona. Kinachofaa ni saa za kazi, au magunia yaliyokobolewa, au hata uniti za LUKU kwa mashine yenye mita yake peke yake. Kwa pikipiki ni kilomita. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mashine linatosha likiwa na safu chache: tarehe, saa za kazi tangu hitilafu iliyopita, kilichoharibika, kilichofungwa, pesa. Safu ambayo huachwa wazi zaidi ni ile ya kilichoharibika. Watu huandika spea iliyonunuliwa wakaacha chanzo, na beringi tatu zilizokufa kwa sababu ya shafti iliyopinda husomeka kama beringi tatu feki. Siku ambayo rekodi ilifungwa iandikwe pia, hata kama mashine ilikuwa inatembea vizuri, maana saa zilizopita bila hitilafu tangu tengenezo la mwisho nazo ni sehemu ya hesabu.

Kwa barabara na reli, saa ni mvua. Januari 2014 mafuriko yalikata mawasiliano kwenye daraja la Mto Mkundi hapo Dumila na kuzamisha makazi ya Magole na maeneo jirani. Njia inayounganisha Dar es Salaam na Dodoma, Kanda ya Ziwa, Rwanda na Burundi ikasimama, na John Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati huo, akaenda kusimamia urejeshaji wake. Machi 2020 barabara hiyo hiyo ilikatika tena, safari hii Kiegeya, wilayani Gairo. Kasi ya hitilafu za namna hii haitegemei uzee wa zege tu. Inapanda kila msimu wa mvua na kushuka karibu na sifuri kiangazi, kwa hiyo modeli yake ni mchakato wa Poisson wenye msimu, na wastani wa mwaka mzima haumsaidii anayepanga kuweka mawe na magreda tayari mwezi Novemba.

Wahandisi wa madaraja husema daraja limejengwa kuhimili mafuriko yanayotarajiwa mara moja kwa miaka 50. Kauli hiyo husikika kama ahadi ya miaka 50 ya usalama. Inachosema ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2. Kwa miaka 10 uwezekano wa kupatwa angalau mara moja ni asilimia 18, na kwa miaka 50 yenyewe ni asilimia 64. Hakuna kinachozuia mafuriko mawili makubwa kufuatana ndani ya miaka mitatu. Bahati haikumbuki kwamba zamu imeshapita.

Reli ya Kati inaongeza jambo ambalo halimo katika modeli yoyote iliyotajwa. Ilijengwa na Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na baada ya Kilosa inafuata bonde la Mto Mkondoa kuelekea Kidete na Gulwe. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta na madaraja katika kipande hicho, na treni zikasimama kwa miezi. Kipande hicho kimekatika tena na tena tangu hapo. Mto hubeba mchanga na kuujaza chini ya madaraja. Kila mafuriko yanaacha nafasi ya maji ikiwa ndogo kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo hitilafu moja inaongeza uwezekano wa nyingine hata kama reli yenyewe imewekwa mpya kabisa. Mwingereza Alan Hawkes aliandika mwaka 1971 hesabu za matukio yanayochochea matukio mengine, na leo zinatumika sana kwa mitetemeko ya ardhi. Kwa Mkondoa zinaeleza kwa nini tengenezo la reli peke yake haliwezi kushusha umri wa kukadiria: sehemu inayozeeka ni mto. Wataalamu wa shirika la Japani la JICA, waliochunguza namna ya kuikinga reli kati ya Kilosa na Gulwe, walilazimika kuangalia bonde zima.

Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, inapita milima ya Kilosa kwa mahandaki na madaraja marefu. Saa yake ya mvua ndiyo kwanza imeanza kuhesabu, na kwa misimu michache kama hiyo hakuna kipimo kinachoweza kutoa beta ya kuaminika. Reli ya zamani ina karne nzima ya rekodi.